Jani Chini ya Kawa

Mimi ni mwoga, na mtaani kwetu hilo halina ubishi. Naogopa mjusi kafiri, naogopa ngazi, naogopa mtungi wa gesi, naogopa simu ikilia alfajiri. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimefumba macho, nikakataa kuyafumbua mpaka nilipohakikishiwa kuwa wote waliomo chumbani ni jamaa. Nayasema haya mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yalitokana na woga wangu, wala sitaki msomaji afike katikati ndipo ashangae.

Nakaa Malindi, upande wa zamani wa mji, katika nyumba inayoshiriki ukuta na nyumba ya jirani yangu. Nashona sare za shule. Mume wangu ametangulia mbele ya haki na wanangu wako Mombasa, kwa hiyo mchana kutwa huwa mimi na cherehani yangu, na upande wa pili wa ukuta yupo jirani. Yeye ni mama wa umri wa kunizaa, mjane kama mimi. Alizaliwa upande wa Adu, kwenye mashamba, akaolewa mjini akiwa msichana, akasilimu, akakaa. Sisi asili yetu ni visiwani, watu wa samaki na wali, na mboga ya majani kwetu ilikuwa mchicha basi. Yeye ndiye aliyenifundisha kula mnavu, na mchunga ambao yeye huuita mtsunga, na majani mengine ambayo mimi nikiyaona njiani nayaruka. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenifunga leso kiunoni akanikalisha chini nilipokuwa nagaragara. Tangu siku hiyo namwita Mama, naye huniita mwanangu.

Ukuta wetu ni wa mawe, mnene, lakini kule uani haukufika juu. Mafundi waliuacha nusu zamani za mababu na hakuna aliyeumalizia. Akikohoa nasikia. Akikuna nazi nasikia mbuzi inavyokwaruza, na najua ni kifuu cha kwanza au cha pili. Naye, bila shaka, husikia cherehani yangu, na simu zangu, na kelele zangu nikimwona mjusi.

Katika uani huo ndimo nilimokuwa na jani langu. Nasema jani kwa sababu kwa muda mrefu sikulijua jina. Nililipata kwa bwana mmoja wa Kuruwitu aliyekuwa mtunza bustani katika nyumba za wageni, kisha akaanza kuuza miche yake mwenyewe kando ya barabara ya Kilifi. Nilikuwa nimekwenda huko kupeleka sare, nikaona kwenye kopo mmea wenye majani mapana ya umbo la moyo, ya kijani kilichoiva, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta. Nikauliza jina. Akasema, "Jina lake sina hakika nalo, mama. Lilitoka kwa mwenye nyumba aliyehama. Ni la mapambo tu, litie kivulini." Nikalibeba mapajani mpaka Malindi, na njia nzima nilikuwa naogopa lisivunjike.

Kulilea ilikuwa kazi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na mara ya kwanza nilipolimwagilia nayo ncha za majani zilikauka zikawa kahawia. Nikawa kila jioni napeleka ndoo chini ya kipoza hewa cha duka la dawa lililoko mbele yetu, nakinga yale matone yanayodondoka nyuma, maana hayo hayana chumvi. Udongo wa kawaida lilikataa, likaoza mizizi miwili. Nikaling'oa, nikalipandikiza kwenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na vipande vya mkaa. Kaskazi ikivuma nililizungushia leso kuukuu, na watu waliopita mlangoni walinicheka kwamba nimezaa uzeeni. Lakini likapenda. Likatoa mizizi minene iliyoning'inia nje ya kopo, likatoa jani baada ya jani, kisha pembeni yake likatoa machipukizi matatu.

Jirani yangu aliliona siku alipokuja kuazima kamba. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, na kitu kilichoko mbele yake hukitambua zaidi kwa vidole. Akalipapasa jani moja juu na chini, akatabasamu. "Majimbi yako yamestawi," akasema. "Kwetu yalikuwa mtoni kwa wajomba. Mama alikuwa akiyapika majani yake na tui, machanga yale, wacha tu! Miaka mingi sijayala." Mimi nilicheka, nikampa kamba. Ningemsahihisha kwa jina gani, ikiwa jina lenyewe silijui? Hata mimi nilidhani huenda ni ndugu yake jimbi, ile nduma ya watu wa bara. Nikaliacha neno lipite.

Sasa nije kwenye sahani.

Kwetu, jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Hata kama huna kitu, utatia tende mbili, au ndimu, au kifungu cha mdalasini. Sahani tupu ni maneno mazito. Ramadhani ndipo sahani huzunguka kuliko siku zote, na katika mwezi huo wa mwaka juzi jirani yangu alikuwa ameniletea viazi vya nazi katika sahani yake ya maua ya buluu, ile anayoipenda. Nikavila, nikaiosha sahani, ikakaa kwangu siku moja, ikakaa siku ya pili. Gesi ilikuwa imeniishia na mkaa ulikuwa umelowa, na mimi nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza. Siku ya tatu aibu ilinizidi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeyatenga yale machipukizi matatu kutoka kwa mama yao kwa kisu cha jikoni. Kila moja lilikuwa na majani mawili matatu, laini, machanga. Nikayatazama, nikaitazama sahani, nikaona jibu. Si alilisifu? Si alilipapasa akatabasamu? Nikaosha mizizi, nikaifunga kwa kipande cha jani la mgomba, nikayalaza yote matatu sahanini, vizuri. Jua lilikuwa kali, nikaogopa lisiyaunguze hata kwa zile hatua kumi za kwenda mlango wa pili, nikayafunika kwa kawa.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingeweza kulifanya. Kawa ni ya kufunikia chakula. Haina kazi nyingine. Mtoto wa miaka mitatu wa mtaa wetu akiona sahani iliyofunikwa kawa mwezi wa Ramadhani anajua kilichomo ni cha kufuturia.

Nilipiga hodi watu wakianza kutoka msikitini kuswali adhuhuri. Naye alikuwa bado kwenye mswala ndani. Nikaiweka sahani kibarazani, kivulini, nikapaza sauti, "Mama, sahani yako hii!" Akajibu kutoka ndani, "Weka hapo mwanangu, Mungu akulipe." Nikarudi kwenye cherehani nikiwa mwepesi wa moyo, nimeondokewa na deni la aibu.

Vidole vilianza kuniwasha kabla ya alasiri. Nilidhani ni joto, au ni kile kitambaa cha sketi. Nikajikuna, nikashona, nikajikuna tena. Kati ya kidole na kidole ngozi ikawa nyekundu. Kisha nikajifuta jasho la usoni kwa mkono ule ule, na mdomo wa juu ukashika moto. Sisemi kwa kutia chumvi: ulikuwa kama nimebusu pilipili. Nilikwenda kwenye kioo nikaona umeumuka. Nikakaa kitako kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikakumbuka kisu, nikakumbuka utomvu mwembamba uliotoka pale nilipokata.

Nikamtumia yule bwana wa Kuruwitu picha ya mmea. Nikamuuliza: hili ni jimbi?

Hakuchelewa kunijibu, na mpaka leo natamani angechelewa, maana ningekuwa na kisingizio. Alipiga simu mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Picha haitoshi. Angalia pale kikonyo kinapokutana na jani. Kuna kifundo?"

Nikapeleka kidole. Kila kikonyo, chini kidogo ya jani, kilikuwa na uvimbe mdogo, kama kifundo cha mkono wa mtoto. Siku zote nilikuwa nikiuona na sikuwahi kuutazama.

"Kipo," nikasema.

"Mwaga maji juu ya jani. Yanakimbia vitonge vitonge, au yanatandaa?"

Nikachota kwa kiganja. Maji yalitandaa, yakateleza taratibu mpaka ncha.

"Yanatandaa."

"Jimbi huyafukuza maji. Sasa geuza. Pembeni mwa jani, karibu na ukingo, kuna mshipa unaozunguka jani zima ukiunganisha mingine?"

Ulikuwapo. Niliufuata kwa ukucha kutoka bega la jani mpaka ncha, nikabonyeza hata nikauchana ukingo. Nikamwambia pia kuhusu mizizi inayoning'inia hewani, ingawa hakuuliza. Nilikuwa nikiomba moyoni kwamba moja kati ya hayo limpe shaka.

"Basi hilo ni anthuriamu," akasema. "Sio yale ya maua mekundu wanayodhani ni ya plastiki, haya ni ya majani. Aina zake ni nyingi mno, aina yenyewe siwezi kukwambia bila ua. Lakini anthuriamu ni anthuriamu. Kwa nini, mama? Kuna aliyelila?"

"Hapana," nikasema. "Nauliza tu."

"Afadhali. Halitiwi mdomoni hilo. Linawasha, na likimezwa koo linavimba. Mtu mzima mzee, au mtoto, pumzi inaweza kuziba. Mbuzi wa mwajiri wangu mmoja alitafuna, tukahangaika naye na maziwa baridi siku nzima."

Nikamshukuru. Nikaagana naye kwa adabu zote, nikamuulizia na nyumbani. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni. Futari ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Na hapa, msomaji, ndipo ninapotaka kufumba macho tena.

Ilinipasa kufanya jambo moja: kutoka, kwenda hatua kumi, kusema, "Mama, usile." Nilisimama. Nilifika mlangoni. Nikashika komeo. Na huko mlangoni ikanijia habari ya ule moto.

Miaka michache kabla ya hapo nilinusa moshi alfajiri, nikatoka barabarani na leso moja nikipiga kelele za moto, moto, mpaka mtaa mzima ukaamka, watu wakaja na ndoo. Ulikuwa ubani. Jirani yangu alikuwa anafukiza nyumba. Alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo hakuna arusi, hakuna kisomo, ambapo hakukihadithia kisa kile, akiniigiza nilivyokuwa narukaruka na leso inaanguka. Wanawake walinibandika jina la Moto. Nilicheka pamoja nao, na usiku nikalia. Sasa nitoke tena niseme nini? Kwamba nimempa sumu katika sahani yake ya maua ya buluu? Na kama hajala, kama amekwisha kuyapanda koponi, si nitakuwa nimejitangazia bure?

Nikautoa mkono kwenye komeo. Nikajitia hamnazo. Nikajiambia: ana akili timamu, ameona mizizi, nani hupika kitu chenye mizizi? Nikajiambia: anajua majani kuliko mimi. Nikafagia uani uliokwisha kufagiwa. Nikaosha kisu kwa sabuni mara tatu.

Kisha nikaisikia mbuzi ikianza kukwaruza ng'ambo ya ukuta.

Nilisimama na fagio mkononi nikasikiliza kifuu cha kwanza mpaka kikaisha. Nikasema, Ramadhani hii, kila nyumba wanakuna nazi. Anapika kunde. Anapika muhogo. Kikaanza kifuu cha pili. Nilirudi mlangoni, nikashika komeo mara ya pili, na mara ya pili nikaliachia. Harufu ya tui ilipanda juu ya ukuta, na ndani yake harufu ya jani bichi linalochemka. Nikaenda chumbani, mahali ambapo harufu haifiki, nikakaa kitandani. Nilimwomba Mungu anijaalie niwe nimekosea. Nilikuwa na muda wa kuomba, na muda wa kwenda sikuwa nao.

Katika mwezi huu mpishi haonji chakula. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Adhana iliadhiniwa. Nilitia tende mdomoni. Nikaenda uani nikasimama chini ya ukuta, nimeshika bilauri ya maji, nikisikiliza. Nikasikia "Bismillahi" yake. Nikasikia kimya. Nikasikia kikohozi kimoja cha kawaida, halafu kimya tena, na kwa muda mfupi nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Halafu kikaja kikohozi kingine, na kingine, na sauti ambayo haikuwa kikohozi, na kitu cha bati kikaanguka sakafuni.

Hapo nilikimbia. Jani moja nililing'oa nikapita nalo, sijui kwa nini.

Alikuwa amekaa mkekani, mikono miwili kooni, midomo imevimba hata sikuijua, mate yanamtoka na hawezi kuyameza. Macho yake hafifu yalikuwa yananitafuta. Nilimsukutua kwa maji, nikachukua maziwa yaliyokuwa kwenye friji yake nikamtia kidogo kidogo, yakarudi. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. Nikatoka barabarani nikapiga kelele, na safari hii watu walipotoka hakuna aliyecheka. Dereva wa tuktuk aliyekuwa anafuturu kwenye kiti chake alitema tende akawasha.

Njia nzima nilimkumbatia. Alikuwa amenishika kidole gumba, kila pumzi ikimshinda anakibana, na mimi nilikuwa nahesabu kubana kule, nikiogopa kutakoma.

Hospitali walimdunga sindano, wakamvalisha kibarakoa cha hewa. Daktari, kijana mpole, akaniuliza amekula nini. Nikampa lile jani.

"Linaitwa anthuriamu," nikasema. "Linavimbisha koo."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tazama kifundo hiki."

Akalitazama, akanitazama mimi. "Watu huja hapa hawajui hata wamekula nini. Wewe umelijuaje upesi hivi?"

Jirani yangu alikuwa amelala pale, macho yamefumbwa, kibarakoa kinajaa ukungu na kukauka.

"Nimeuliza kwa simu," nikasema. "Njiani."

Macho yake yakafumbuka. Hayakunitazama, maana hayawezi kutazama vizuri. Yalifumbuka tu, yakakaa wazi kidogo, yakafumba.

Alipona. Alirudi nyumbani siku ya tatu, na kwa wiki nyingi alikula uji wa baridi tu, na sauti yake, iliyokuwa ikisikika mpaka msikitini, ikabaki ya kukwaruza. Mpaka leo haijarudi sawasawa. Nilipomuuliza, nikiwa nimemwinamia kwa haya, kwa nini hakuacha pale lilipoanza kumuwasha, alisema, "Tonge la kwanza liliniwasha. Nikasema nimeshindwa kulipika, nimesahau ndimu. Mwanangu ameikumbuka hamu yangu, ameniletea mpaka mlangoni, nitamwaga? Nikala la pili."

Nilitoka nje nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa leso, kwa sababu ukuta ule haufiki juu.

Sikuadhibiwa na mtu. Kilichonipata kilikuwa kibaya zaidi. Alianza kunisifu. Kwenye arusi, kwenye kisomo, kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, alihadithia jinsi nilivyoruka kizingiti na jani mkononi, jinsi nilivyomwambia daktari jina la mmea kama mwalimu. "Kama si huyu, mngekuwa mmenisahau," akasema. Jina la Moto likafa. Wanawake walinishika mikono. Nami kila aliponisifu nilitazama chini, wakasema, tazameni alivyo mnyenyekevu. Mwaka mzima niliishi nikiogopa arusi.

Na kumbe ile mizizi hakuitupa. Alikuwa amekata majani, akapika, na vile visiki vitatu akavichomeka kwenye kopo la samli, kwa kuwa kwao mtu hatupi mzizi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia aving'oe. Vikachipua upande wake wa ukuta, vikapanda, na kimoja kikatoa ua, kabla ya mama yao aliyeko kwangu. Halikuwa ua la kupendeza watu. Lilikuwa kijiti chembamba cha zambarau chenye ulimi mmoja wa kijani uliokunjika nyuma. Nilipanda kwenye ndoo nikalipiga picha juu ya ukuta, nikampelekea bwana wa Kuruwitu, kwani alisema bila ua hawezi kulitaja kwa jina kamili. Alilinganisha na picha zake siku mbili, akanitumia jina refu la kitaalamu. Nikaliandika kwenye daftari la vipimo vya sare. Sijapata kulitamka.

Mwishoni mwa Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, sisi huzungukiana kutakana radhi. Ni maneno ya kawaida. Unasema, nisamehe kama nimekukosea, unajibiwa, nimekusamehe, nami unisamehe, mnakunywa kahawa. Nilimpelekea jirani wali wa nazi na samaki wa kupaka katika sahani yangu nzuri, ile ya ukingo wa dhahabu niliyopewa nikiolewa. Alikuwa amekaa uani anachambua mchele kwa vidole. Lile kopo la samli lilikuwa nyuma yake, na ua.

"Shikamoo, Mama. Unisamehe kama nimekukosea."

"Marahaba. Nimekusamehe mwanangu, nawe unisamehe."

Ningeweza kuishia hapo. Kahawa ilikuwa tayari. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Mama, nilijua," nikasema. "Siku ile. Nilijua kabla hujala."

Vidole vyake viliendelea na mchele. "Ulijua njiani."

"Sikujua njiani. Nilijua saa kumi na moja. Niliambiwa ni sumu, nikashika komeo, nikaogopa mtanicheka."

Akatoa kijiwe, akakitupa. "Nikikuna nazi, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na kifuu cha pili?"

"Na cha pili."

Nilingoja anipige, au alie, au acheke kile kicheko chake cha kushika ukuta. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichambua mchele mpaka ungo ukaisha, na mimi nimesimama. Kisha akasema, kwa ile sauti niliyompa, "Haya. Nenda, jua linakuchwa na una nguo za watu."

Siku ya pili ya Ramadhani nilikuwa kwenye cherehani, baada ya adhuhuri, niliposikia ndara zake kibarazani kwangu. Zilisimama.

"Sahani yako hii," akasema.

"Weka hapo, Mama," nikajibu. "Mungu akulipe."

Ndara zikaondoka. Nilikaa kitambo kirefu kabla ya kwenda. Sahani ya ukingo wa dhahabu ilikuwa kivulini, na juu yake kawa yake, ya ukili mwekundu. Nikachuchumaa. Nilidhani nitakuta majani. Niliogopa nitakuta majani, machanga, yamepangwa vizuri, na kwa yale niliyoyatenda nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikiyakuta nitayala.

Niliinua kawa. Sahani ilikuwa imeoshwa, imekaushwa kwa kitambaa, na ndani hamkuwa na kitu. Nikairudisha kawa juu yake, nikakaa nayo mapajani mpaka walipoadhini magharibi.